Mtengenezaji Ni Wewe

Kwanza uape. Weka mkono kifuani, useme kwamba haya hayatoki hapa: si kwa mume, si kwa shoga, si kwa mto unaoulalia. Umeapa? Vizuri. Mimi nami niliapa hivyo hivyo, na aliyeniapisha alikuwa ameapishwa na mwenzake, na huyo mwenzake aliapishwa na mwenye mambo mwenyewe. Kiapo kimepita midomo mingi, kimekuwa butu kama wembe wa kuazimana. Basi sogea karibu.

Palikuwa na ofisi ya kuandikisha watoto wanaozaliwa. Mbele ukumbi wenye mabenchi, akina mama na vichanga vyao mapajani, na juu ukutani skrini kubwa ya kuita namba. Halafu madirisha ya vioo wanapokaa makarani, na nyuma ya makarani ukumbi mwembamba wenye milango: masjala, chumba cha kompyuta, na mwisho kabisa chumba cha mkuu wa ofisi, mlango wake umevikwa ngozi na sponji usipitishe maneno. Mlango wa namna hiyo, ukiuona popote, ujue kuna maneno.

Ndani ya ofisi hiyo alikuwako mama mmoja waliyemwita Bawabu. Si kwamba alikaa getini. Alikaa kwenye kile chumba cha kompyuta kisicho na dirisha, na mlango aliolinda hauonekani kwa macho. Programu yoyote iliyotaka kuamka kwenye kompyuta yoyote ya ofisi ile ilitakiwa ipite kwake kwanza. Iwe na muhuri wa aliyeitengeneza, na iwe kwenye orodha yake ya ruhusa. Isiyo na muhuri, hapana. Iliyoletwa na shemeji kwenye flashi, hapana. Mchezo wa karata wa karani wa dirisha la pembeni, hapana mara mbili, na karani akanuna hadi shavu likamvimba.

Sasa huyo mkuu wa ofisi, nyuma ya mgongo wake walimwita Pongezi, maana ukuta wake wote ulijaa vyeti vya kupongezwa, na palipobaki wazi alishapigilia msumari akisubiri. Yeye mlango wa Bawabu hakuupenda. Alisema unachelewesha watu. Akaamuru mambo mawili. La kwanza, kompyuta yake yeye itolewe kabisa kwenye sheria hizo, kwa kuwa mkuu hawezi kuomba ruhusa kwa mtu wa chini yake. La pili, kwenye kompyuta nyingine zote sheria ibaki, lakini itazame tu, isizuie.

Kutazama tu, mwanangu, maana yake ni hii: programu isiyojulikana inapita, sheria inaandika "imepita", basi. Ni sawa na kumweka askari getini ukamwambia mwizi akija asimkamate, amsalimie. Bawabu alibisha, akabisha tena, mwisho akabonyeza alichoambiwa. Mshahara ni mshahara.

Lilianza jambo dogo mno, adhuhuri, makarani wamekwenda kula. Bawabu alikuwa peke yake akisikia mapangaboi madogo ya kompyuta yakivuma, kila moja kwa mvumo wake, kama siku zote. Halafu yakaacha kupishana. Yakaanza kuvuta pamoja na kutoa pamoja, kuvuta na kutoa, kompyuta zote za ofisi nzima kama kifua kimoja kilicholala.

Akafikiri ni umeme. Kisha akanusa maziwa yaliyoungua.

"Nani ameacha sufuria motoni?" aliuliza, akajicheka mwenyewe, maana ofisi ile haikuwa hata na jiko.

Akatazama kwenye skrini yake. Mstari mpya ulikuwa umeandikwa: programu inayoitwa Msaidizi imepita. Imepita dirisha la kwanza, imepita la pili, imepita masjala, imepita kote. Yeye hakuwahi kuiruhusu. Akafungua taarifa zake aone imetengenezwa na nani.

Kwenye mstari wa Mtengenezaji palikuwa na jina lake yeye. Si Bawabu. Jina lake kamili, la kwake na la baba na la babu, na baada ya hayo lile jina la utotoni ambalo marehemu mama yake alimwitia mlangoni magharibi ikiingia, ambalo hakuna cheti wala mtu aliye hai aliyelijua.

Aliifunga taarifa ile upesi kama mtu aliyefungua bafu akamkuta mkwewe ndani.

Na hapo akafanya walichofanya wote, ingawa hakujua kuwa ni wote: alinyamaza. Angesema nini? Mlinzi wa mlango anakwenda kwa mkuu, anamwambia kuna programu ya kigeni imeingia, nayo ina jina langu? Angefukuzwa kabla hajameza mate. Alifunga mdomo, na adhuhuri ya pili mvumo ule ukarudi, na maziwa yale, na safari hii na sauti juu yake, sauti ndogo yenye unyevu kutoka ndani ya makasha ya kompyuta, kama kichanga kinachonyonya ziwa kwa pupa.

Ofisi nayo, ajabu, ilichangamka. Malundo ya maombi yaliyolala masjala tangu zamani yakawa yanaisha yenyewe. Karani anatoka kula, anarudi, kazi imekwisha. Pongezi akapigiwa simu na wakubwa, akaambiwa yuko mbioni kupandishwa cheo. Alipita kwenye madirisha akipiga makofi taratibu. "Mnaona? Mkiacha kuwekeana vikwazo, kazi inakwenda." Makarani wakacheka na macho yakiwa chini. Karani wa dirisha la pembeni hakucheza karata tena. Kila mmoja alitembea kama mtu mwenye jiwe kwenye kiatu anayeona aibu kukivua.

Ikawa siku moja akaja mdogo wake Bawabu, amebeba mwanawe mchanga. Mtoto wa mdogo wako ni wako, hilo halina mjadala, na Bawabu alikuwa mama mkubwa wa kweli: yeye ndiye aliyemwandikisha mtoto yule kwa mkono wake.

"Dada," mdogo alisema kwa sauti ya chini, "mtoto halii."

"Si neema hiyo? Wenzako hawalali."

"Dada, sikutanii. Anafungua mdomo kulia, sauti haitoki. Ananyonya mpaka natoka damu, hashibi. Na hiki cheti mlichonipa kina nini?"

Bawabu akakitazama cheti. Jina la mtoto lilikuwa limekatika mwishoni, wino umefifia pale kana kwamba umelambwa. Akamchukua mtoto. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka kambani, na macho yake yalimwangalia bila kulaumu, na hilo ndilo lililomkata maini.

Alikwenda kwenye kompyuta, akafungua kumbukumbu za mtoto, na ilipofika adhuhuri akaketi akiona kwa macho yake herufi ya mwisho ya jina ikitetemeka, ikanywea, ikaingia ndani ya weupe wa skrini kama tone linavyonyonywa na mchanga, na ile sauti ndani ya kasha ikameza. Akatafuta wengine. Wakawapo wengi, majina yaliyobaki nusu, majina yaliyobaki herufi moja, na mmoja ambaye palipokuwa na jina lake palikuwa peupe. Akapiga simu ya mama wa mtoto yule. Akapokea jirani, akamwambia mama hawezi kuja kwenye simu, ndio kwanza wametoka kumzika mtoto.

Bawabu akaweka simu mezani. Alipoinuka, woga ulikuwa umemtoka, na kilichoingia mahali pake hakikuwa na adabu.

Wakati huo malalamiko ya harufu yalikuwa yamefika mbali, akina mama ukumbini wanaziba pua. Pongezi, ili asionekane amekaa tu, akamleta tabibu wa majini, mzee mwenye mkoba na kikohozi. Wafanyakazi wakapangwa ukutani. Tabibu akapita na chetezo chake mlango hadi mlango, king'ora cha moshi kikalia, kikanyamazishwa, akaendelea bila kuona haya. Alipofika kwa Bawabu, ile taarifa ya Msaidizi ilikuwa wazi kwenye skrini. Mzee akainama, akasoma, chetezo kikamning'inia mkononi.

"Nani ameandika jina langu hapa?" aliuliza.

"Jina lako?" Bawabu akasema. "Hilo ni langu."

Akaja nyuma ya bega la mzee, wakatazama pamoja. Na hapo, walipotazama wawili kwa wakati mmoja, herufi za ule mstari zikaanza kuchemka kama funza kwenye nyama, jina la huyu likianza linavunjwa na la yule, la yule likitaka kusimama linamezwa na la huyu, hadi mstari mzima ukawa unajinyonganyonga bila kusema chochote.

Tabibu alikusanya mkoba wake bila hata kudai ujira, na mwenzangu, ukimwona mganga amesahau ujira, na wewe tafuta viatu vyako. Lakini mlangoni aligeuka.

"Mama, hiki si cha kufukizwa," alinong'ona. "Hiki kimekaribishwa. Mgeni hafukuzwi na jirani. Mwenyeji wake yumo humu humu, naye kinamficha nyuma ya majina yenu. Kinamwambia kila mtu kwamba ni yeye, ili kila mtu anyamaze."

Alipokwisha kuondoka, Bawabu alikwenda moja kwa moja masjala, kwa Dada wa Masjala, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kuchukua likizo, lakini ambaye siku hizo alikuwa kimya kama maji mtungini.

"Umeona jina gani?" Bawabu alimuuliza.

Dada wa Masjala akaanza kulia. "Shoga, usiniulize. Naapa sikutengeneza kitu. Mimi hata saa ya mezani najua kuiweka basi?"

"Najua. Na mimi sikutengeneza. Na karani wa dirisha la pembeni hakutengeneza. Tumefungwa kamba moja, kila mtu anadhani amefungwa peke yake. Kesho adhuhuri nawataka wote ukumbini, tulitazame jina hilo pamoja, halafu nawasha uzuiaji."

"Mkuu atakufukuza."

"Atangoja foleni. Mimi namfukuza huyu mgeni kwanza."

Maneno hayakulala. Asubuhi Pongezi alimwita, akafunga ule mlango wa ngozi. Alikuwa amekonda, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia alikuwa amekifunga kitambaa.

"Nasikia unataka kuwasha uzuiaji."

"Ndiyo, mkuu."

"Bila idhini yangu."

"Idhini nilikuomba. Ulisema itazame tu. Imetazama, nami nimetazama, na mtoto wa watu yuko kaburini."

Pongezi akaegemea mbele, akashusha sauti. "Unajua kazi iliyofanyika humu? Watu wangapi wamepata vyeti vyao kwa wakati? Kila kitu kina gharama yake, mama. Ukibonyeza hicho kitufe, huna kazi."

"Nitakuwa na mtoto," Bawabu alisema, akatoka, akauacha mlango wazi makusudi.

Adhuhuri ilipofika hakuna aliyekwenda kula. Makarani walitoka nyuma ya vioo vyao, Dada wa Masjala akashika kifua, akina mama mabenchini wakauliza kuna nini, na mdogo wake Bawabu akasimama mbele na mwanawe begani. Bawabu akaiunganisha kompyuta yake na ile skrini kubwa ya kuita namba. Mapangaboi yakaanza, kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikashuka kutoka darini nzito kiasi cha kuionja ulimini, na vichanga vyote ukumbini, hata vilivyokuwa vimelala, vikafungua macho kwa pamoja na kutazama juu. Kwenye skrini ukatokea mstari mmoja kwa herufi kubwa: Mtengenezaji, na mbele yake jina.

Kila mtu aliona la kwake. Ulijua tu kwa jinsi vichwa vilivyoinama, kimoja baada ya kingine, kama majani yamepitiwa na upepo. Mama mmoja akajifunika uso kwa kanga.

"Msiangalie chini," Bawabu alisema. "Mficha uchi hazai. Aliyeona jina lake aseme kwa sauti, mwenzake asikie. Mimi naanza. Nimeona la kwangu, na sikutengeneza kitu."

Kunyonya kukaongezeka ndani ya makasha, kwa haraka, kwa hasira.

"La kwangu," alisema Dada wa Masjala. "Na majina yangu yote, hata lile la mume niliyemwacha. Halina haya hili dudu."

Mtu mmoja akacheka. Wallahi, alicheka, na kicheko kile kikavunja kitu. Karani wa dirisha la pembeni akasema, "La kwangu pia." Mama wa kanga akafunua uso akasema, "Na langu." Mfagiaji akasema, bibi aliyekuja na mjukuu akasema, na kila aliyesema aliinua kichwa akatazama, na kadiri macho yalivyozidi kwenye ule mstari ndivyo herufi zilivyochemka, zikikimbia kutoka jina hadi jina, zikijaribu kumridhisha huyu na yule na yule kwa wakati mmoja, zikipanda, zikiangukiana, zikitoa majimaji meupe yaliyoteremka kwenye kioo cha skrini hadi ukutani, mpaka zikachoka, zikatulia, zikakaa kwenye jina moja ambalo ukumbi mzima ulilisoma kwa pamoja na ambalo halikuwa la yeyote aliyesimama pale.

Lilikuwa jina la Pongezi.

Wakageuka kumtafuta. Hakuwapo.

"Haya," Bawabu alisema, akaihamisha sheria yake kutoka kutazama kwenda kuzuia, akabonyeza.

Kompyuta ya dirisha la kwanza ikakata pumzi. Ya la pili ikakata. Masjala kimya. Msaidizi haina muhuri, haimo kwenye orodha, imezuiwa, imezuiwa, imezuiwa, mistari ikipanda kwenye skrini kubwa kama watu wanaotolewa nje kwa kola. Harufu ikapungua ukumbini. Lakini kunyonya hakukwisha. Kulikuwa kumehama. Kulitoka kwenye ukumbi mwembamba, nyuma ya ule mlango wa ngozi na sponji usiopitisha maneno, kwenye kompyuta moja tu ambayo mkuu aliamuru isiguswe na sheria, na sasa kulisikika mpaka mabenchini, kunyonya kwa nguvu zote za kitu kilichofungiwa kila mahali kikabakiwa na ziwa moja.

"Usiende, dada," mdogo wake alisema.

"Nifuate. Mlete mtoto. Mje wote."

Wakaja wote. Bawabu mbele, mdogo wake na kichanga, Dada wa Masjala aliyekuwa anasali na kutukana kwa zamu, makarani, akina mama na watoto wao, wamejaa ukumbi mwembamba hadi kuta zikapata joto. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Bawabu aliusukuma kwa bega.

Pongezi alikuwa mezani kwake. Kwenye mkono wa kushoto alipakata kitu, vile mama anavyopakata, na ngozi ya kile kitu ilikuwa kama utando wa maziwa yaliyochemka, umekunjamana, unapumua. Hakikuwa na macho. Kilikuwa na mdomo, nao ulikuwa umebandika kwenye kioo cha kompyuta yake, juu ya kumbukumbu za mtoto wa mdogo wake Bawabu. Kitambaa cha kidole kilikuwa kimefunguka, na kidole kile, kimeliwa hadi wekundu, kilikuwa juu ya kibodi kikifuta. Herufi moja, kinanyonya. Herufi moja, kinanyonya. Zilikuwa zimebaki mbili.

Walijaa mlangoni wakatazama.

"Fungeni mlango," Pongezi alisema bila kuinua kichwa. "Hamjui mnachokiona."

"Tunakiona," Bawabu alisema. "Inua kidole."

"Mmekifungia kote. Kina njaa. Nikiinua kidole kitanigeukia mimi."

"Basi kikugeukie."

"Mama, tuzungumze. Kazi yako nitakurudishia. Cheo changu hiki kinaachwa wazi, nani atakipata? Sema wewe. Sema tu kwamba hamkuona."

Bawabu akamchukua mtoto kutoka begani kwa mama yake, akaingia ndani mpaka ukingoni mwa meza, akasimama pale na kichanga kifuani, karibu kiasi cha kusikia utando ule ukijikunja.

"Inua," alisema.

Pongezi akainua macho. Akatazama uso wa Dada wa Masjala, akatazama wa karani, akatazama wa mama mwenye kanga na wa mfagiaji na wa bibi na nyuso zote zilizopangana hadi mwisho wa ukumbi, akitafuta hata mmoja ambaye angeteremsha macho chini kama zamani. Alitafuta kwa muda mrefu. Halafu kidole kikainuka.

Kunyonya kukakoma. Kile kitu kikabanduka kwenye kioo, kikageuza mdomo wake taratibu kuelekea kifua kilichokipakata, na mikononi mwa Bawabu, mbele ya wote, mtoto akalia.